Kapu la ukili kutoka Micheweni: shajara ya mradi, 2023–2024

Shajara hii inaandikwa na katibu wa kikundi cha wasukaji 26, wote wanawake, kutoka shehia tatu (maeneo madogo ya utawala, kila moja chini ya sheha) za Wilaya ya Micheweni, Kaskazini Pemba. Tunachotafuta ni kuuza kapu la ukindu, yaani majani ya mtende-mwitu uitwao mkindu, kwa bei inayolipa saa za aliyelisuka, bila kupitia kwa wachuuzi wanaozunguka vijijini na kununua kwa bei wanayoitaja wao wenyewe. Kila hatua nimeiandika ilipokwisha, ili kikundi kingine kitakachotaka kuiga kione tulipoteleza. Mambo ambayo kila msukaji anayajua, kama vile kuchana ukindu, kuanika na kuanza kitako, sitayaeleza. Mtaji ulitoka mifukoni mwetu: hisa ya shilingi 20,000 kwa kila mwanachama, jumla 520,000. Hatukukopa.

21 Januari 2023: Kuhesabu saa

Mchuuzi hununua kapu la kati kwa 6,000, na kapu la namna hiyo hiyo tumeliona likiuzwa 35,000 katika duka la Mji Mkongwe. Kabla ya kuilalamikia tofauti hiyo tulitaka kujua kapu linakula muda gani, na hapo tukakwama wiki nzima. Kwanza nilimtaka kila mtu aandike kwenye daftari saa aliyoanza na saa aliyomaliza. Madaftari yalirudi na majibu ya ajabu, mmoja ameandika siku tisa na mwingine saa nne, kwa kapu la ukubwa ule ule. Bibi aliye mkubwa kuliko sote, ambaye wengi wetu tumejifunza kusuka kwake, alinionyesha kosa langu bila hata kuinua macho kutoka kwenye ukili wake, ule utepe wa ukindu unaosukwa kwanza kisha ukashonwa kuwa kapu: “Mwanangu, saa ni za watu wa ofisini. Sisi twasuka huku tunapika, twasuka matangani, twasuka tukingoja maji. Wewe utaanza kuhesabu wapi?”

Tukaamua kukaa barazani pamoja kwa asubuhi nne, kuanzia saa mbili mpaka adhuhuri, bila chungu jikoni wala mtoto mgongoni, wasukaji wanane wa mikono myepesi na mizito, na mtu mmoja akishika saa ya simu. Kapu la kati linataka pima sita za ukili wa upana wa vidole viwili. Kuandaa ukindu na kutia rangi kulichukua saa mbili na nusu, kusuka ukili saa tisa, kushona kwa shazia (sindano kubwa ya kushonea ukili) saa tatu, na pindo pamoja na mikono saa moja na nusu. Jumla saa 16 kwa wastani wa wale wanane. Vifaa ni 1,500, yaani ukindu 1,000 na rangi 500. Kwa hiyo mchuuzi alikuwa akilipa 4,500 kwa saa 16, ambayo ni shilingi 281 kwa saa. Nilipoisoma hesabu hiyo kwa sauti watu walinyamaza, kisha mmoja akasema kwamba afadhali asingeijua.

Kibarua wa kupalilia hapa kwetu hulipwa 1,000 kwa saa, na kikundi kikakubaliana kwamba mkono wa msukaji usipungue hapo. Bei ikawa hivi: ujira 16,000, vifaa 1,500, na 2,500 ya kikundi kwa ajili ya usafiri, magunia na dharura. Jumla ni 20,000, na huo ndio mwisho wa kushuka kwetu.

18 Februari 2023: Rangi iliyochuja

Makapu 40 ya kwanza yalipokuwa tayari tuliyapanga ukumbini, mvua ndogo ikaingia dirishani usiku, na asubuhi mistari myeupe ilikuwa imegeuka waridi. Tulipoyajaribu yote kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji, 31 yalichuja. Tulikuwa tumetumia rangi ya unga ya dukani, ile ile tunayotilia mikeka ya nyumbani. Lakini mkeka wa nyumbani haumwagiwi maji na mgeni anayetoka ufukweni na kanga mbichi, na wala hakuna anayerudi kudai pesa zake.

Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa kuongeza chumvi kwenye sufuria, nalo halikusaidia. La pili lilikuwa maji ya ndimu, nusu kikombe kwa sufuria ya lita kumi, na hapo rangi ilishika vizuri zaidi ingawa bado ilichuja kidogo. Kilichotutoa ni kazi tuliyokuwa tunaifupisha, nayo ni kusuuza. Ukindu uliotiwa rangi sasa tunausuuza mpaka maji yatoke meupe, mara nne au tano, kisha tunauanika kivulini, na hauguswi kabla ya kufaulu jaribio la kitambaa. Bizari ya manjano tuliijaribu pia kwa kuwa wengi walitamani rangi za kienyeji. Inapendeza siku ya kwanza, lakini baada ya wiki mbili za jua ilikuwa imekufa. Gome la mkandaa, aina ya mkoko, hutoa wekundu wa kahawia mzuri unaodumu, lakini tulikataa kuanzisha soko litakalotupeleka kila mwezi kuchuna mikandaa pwani.

Hasara niiandike wazi kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Vifaa vilivyopotea vilikuwa vya 46,500, hilo ni jambo dogo, lakini saa zilizopotea zilikuwa 496. Mkutano wa kwanza uliamua kwamba kapu lililoharibika halilipwi, na kila mtu akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa ndivyo mchuuzi anavyofanya. Usiku ule nilijiuliza tofauti yetu na mchuuzi ni ipi, ikiwa rangi ilichaguliwa na kamati na hasara anaibeba msukaji. Mkutano wa pili ulibadilisha uamuzi: kikundi kililipa nusu ya ujira, 8,000 kwa kila kapu, jumla 248,000. Hiyo ilikuwa karibu nusu ya mtaji wote, na mwenyekiti hakunisemesha kwa siku mbili.

11 Machi 2023: Pima ya nani?

Kundi la pili la makapu lilifaulu rangi, likafeli ukubwa. Pima ni urefu wa mikono iliyonyooshwa, na mikono yetu hailingani. Kati ya pima ya mrefu wetu na ya mfupi wetu kuna tofauti ya shibiri nzima, na ukizidisha mara sita unapata kapu jingine kabisa. Tulikata fito zilizotiwa alama, moja kwa kila shehia. Fito zilisawazisha urefu wa ukili, lakini hazikusawazisha tumbo la kapu, kwani mwingine hushona kwa kuvuta na mwingine kwa kulegeza.

Mmoja wetu ndiye aliyeanza kushona kapu lake huku amelivika ndoo ya maji ya lita 20 iliyofudikizwa, na kapu likatoka limenyooka kama limetoka kiwandani. Tukafurahi, tukaagizana kila mtu atumie ndoo yake. Kosa! Ndoo za madukani hazina upana mmoja. Zina midomo na matako tofauti kwa kila aina. Ilibidi tununue ndoo tisa za aina moja, kutoka duka moja, kwa siku moja, kwa 6,000 kila moja. Hizo 54,000 ndizo pesa tulizotumia vizuri kuliko zote mpaka sasa. Ndoo zimeandikwa kwa rangi nyeusi kwamba ni za makapu, na hata hivyo mara mbili nimezikuta zikichotea maji.

27 Mei 2023: Kuvu

Ramadhani iliangukia masika, watu wakasuka mchana kwa sababu jikoni kulikuwa kimya, na tukajikuta na akiba nzuri ya makapu. Tuliyaweka ndani ya viroba vya plastiki ili yasiingie vumbi. Tulipovifungua viroba baada ya Idi, harufu ilitutangulia: makapu 28 yalikuwa yameota kuvu la kijivu ndani ya mishono, pale ambapo shazia inapita na unyevu hujificha. Matano yaliokolewa kwa brashi, ndimu na jua. Mengine yaligawiwa majumbani kwa kubebea muhogo, na safari hii hatukubishana: wasukaji walilipwa ujira wote, kwa kuwa aliyeyatia kwenye viroba alikuwa mimi.

Tulichobadilisha ni hiki. Makapu yanakaa juu ya uchaga wa fito, mbali na ukuta na mbali na moshi wa jiko, kwa maana tuliwahi kuyatundika juu ya jiko na yakanuka moshi mwezi mzima. Tulinunua pia mizani ndogo ya sokoni kwa 45,000. Kapu la kati lililokauka sawasawa linakuwa na gramu 420 hivi, na lililomalizwa jana linaweza kufika 510. Kapu haliingii ghalani mpaka uzito wake wa leo uwe sawa na wa jana. Jicho na mkono vinaweza kudanganywa, hasa wakati wa masika ambapo kila kitu ni baridi ukikishika, lakini mizani haijatudanganya bado. Magunia sasa ni ya katani, si plastiki.

29 Julai 2023: Mali kauli, na meza yetu wenyewe

Mwisho wa Machi tulipeleka makapu 60 kwa mali kauli katika duka moja la mjini Unguja. Mwenye duka alitukaribisha kwa maneno mazuri, akakubali bei yetu ya 20,000, akasema atalipa kadiri yanavyouzika. Wiki hii, baada ya miezi minne, nilikwenda kufanya hesabu. Makapu 22 yalikuwa yameuzwa na tumelipwa ya 15, yaani 300,000. Hizo 140,000 za makapu saba zimekuwa ni za kesho na keshokutwa. Makapu 38 yamerudi, tisa kati yake yamepauka upande mmoja kwa kukaa dirishani kwenye jua.

Mwenye duka simuiti mwizi. Yeye pia ana kodi ya kulipa, na msimu ulichelewa. Kosa liko kwenye mpango wenyewe, kwa sababu katika mali kauli kila mtu ana nafasi ya kusubiri isipokuwa msukaji, naye ndiye anayesubirishwa. Bei yetu ilikuwa ya haki kwenye karatasi, lakini ilikuwa ya haki kwa pesa zisizokuwepo. Tangu leo hatutoi mali kauli, hata kwa ndugu.

Mwezi huu huu tulijaribu njia nyingine, tukalipia meza kwenye maonyesho ya siku tatu Mji Mkongwe. Nauli za boti kwa watu wawili kwenda na kurudi zilikuwa 140,000, mzigo 40,000, meza 90,000, chakula 60,000. Malazi tulipata kwa jamaa. Jumla ni 330,000. Tuliuza makapu 47, lakini si yote kwa bei ya 32,000 tuliyoiandika. Jioni ya siku ya mwisho, kwa kuogopa kubeba mzigo kurudi nao Pemba, mwenzangu alianza kushusha, na 12 yakaenda kwa 22,000. Mapato yalikuwa 1,384,000. Ukitoa 940,000 za makapu na hizo gharama, ilibaki 114,000. Wale waliokwisha kununua kwa 32,000 asubuhi na kupita tena jioni walituangalia vibaya, na walikuwa na haki. Mara nyingine bei itakuwa moja mpaka taa zizimwe, na yatakayobaki yatarudi nyumbani.

9 Septemba 2023: Arbuni

Kutokana na meza ile tulipata mnunuzi wa Ujerumani ambaye kampuni yake ni mwanachama wa Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO. Nieleze jambo moja linalochanganya watu. Ile alama ya biashara ya haki tunayoiona kwenye paketi za kahawa na chai ni ya mfumo mwingine, na haukutengenezwa kwa ajili ya kapu la mkono. Katika kazi za mikono mfumo unaotumika zaidi ni huu wa WFTO, ambao haukagui bidhaa moja moja bali unaikagua taasisi nzima kwa kanuni kumi: ujira, mazingira ya kazi, watoto, uwazi wa hesabu na nyinginezo. Sisi si wanachama. Mwanachama ni mnunuzi, na kanuni zinambana yeye. Mojawapo inasema kwamba katika kazi za mikono, muuzaji akiomba, mnunuzi atangulize angalau nusu ya malipo bila riba. Kwa Kiswahili chetu hiyo ni arbuni, na babu zetu waliijua kabla ya shirika lolote kuiandika.

Fomu yao ilikuwa na swali kuhusu watoto. Mabinti wetu hujifunza ukili baada ya skuli na chuo cha Kurani, kama sisi tulivyojifunza. Wengine walitaka tujibu “hapana” tumalize. Tuliandika kweli: mabinti hujifunza, na ukili wao haushonwi kwenye kapu la oda. Jibu lilirudi baada ya siku tatu, nalo lilikuwa zuri.

Oda ni makapu 180 ya kati kwa 20,000, jumla 3,600,000, yakabidhiwe tarehe 15 Novemba. Arbuni ya 1,800,000 imeingia, na leo tumeigawa sawa kwa sawa kwa wanachama 26, kila mmoja 69,230. Watu wameondoka wakiwa na furaha, na mimi nikiwa miongoni mwao.

2 Desemba 2023: Karafuu

Nilipaswa kujua, kwa kuwa nimezaliwa Pemba. Micheweni ni nchi ya mawe, mikarafuu iko zaidi upande wa magharibi, lakini karafuu zikiiva hakuna anayebaki. Watu huhamia huko kuchuma na kuchambua, na vijiji vyetu hubaki na wazee na kuku. Mwaka huu zilizaa vizuri. Ifikapo 15 Novemba tulikuwa na makapu 71 kati ya 180. Wanachama watano walikuwa wameshakula arbuni yao na hawajakata hata jani la ukindu, si kwa ubaya, bali kwa sababu karafuu hazisubiri na pesa ya kapu ilikuwa imeshatumika kwa ada ya skuli.

Mkutano ulikuwa mkali. Waliosuka makapu mengi walitaka wale watano watolewe. Bibi yetu mkubwa, aliyekwisha kumaliza yake kumi na mbili, alisema kosa halikuwa la waliokula bali la aliyepika na kupakua kabla watu hawajanawa mikono, na wote wakanitazama mimi. Nilikubali. Nilikuwa nimegawa pesa kwa vichwa, si kwa kazi, na nimekubali tarehe bila kuangalia msimu.

Nilimwandikia mnunuzi siku hiyo hiyo, nikamtajia idadi kamili na sababu bila kuipamba. Alikubali kungoja hadi mwisho wa Januari na hakukata bei, ingawa alikosa mauzo yake ya Krismasi. Hilo amelibeba yeye, nasi tunalijua.

Utaratibu mpya wa arbuni ni wa mafungu matatu kwa kila msukaji kulingana na makapu aliyojiandikia: theluthi moja anapoonyesha ukindu uliokwisha kutiwa rangi na kufaulu jaribio la kitambaa, theluthi ya pili nusu ya makapu yake ikipita kwenye ndoo na mizani, na theluthi ya mwisho siku ya kukabidhi. Theluthi hiyo ya mwisho hukaa benki ikingoja, haimngojei mnunuzi. Na hatupokei tena oda ya kukabidhiwa kati ya Agosti na Desemba.

10 Februari 2024: Tulivyolipia hewa

Makapu yalikuwa tayari tarehe 20 Januari, ndipo tukauliza bei ya ndege kwa mara ya kwanza. Usifanye hivyo, uliza kabla hujakubali oda. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito halisi au kwa uzito wa ujazo, kutegemea ulio mkubwa, na uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Katoni yetu ya 65 kwa 65 kwa 70 ilibeba makapu manane na ilikuwa na kilo nne hivi kwenye mizani. Kwa hesabu yao ilikuwa kilo 49. Tungekuwa tunalipia hewa ya Pemba kupelekwa Ulaya.

Suluhisho la haraka lilikuwa kumwomba mnunuzi abadilishe oda iwe seti 60 za makapu matatu yanayoingiana, dogo la 12,000, la kati la 20,000 na kubwa la 28,000. Jumla ya pesa ni ile ile 3,600,000. Alikubali achukue makapu 60 ya kati sasa na mengine yasukwe, na yale 120 ya kati yaliyozidi tukabaki nayo kwa ajili ya meza. Kapu kubwa linashonewa juu ya kalibu ya mbao tuliyochongesha kwa fundi seremala kwa 25,000, na dogo juu ya ndoo ya lita kumi. Katoni ya seti nane, makapu 24, inafika kilo 77 za ujazo, yaani kilo 3.2 kwa kapu badala ya 6.2. Bado ni nyingi, hivyo mzigo utaondoka Dar es Salaam kwa meli, kwa gharama ya mnunuzi.

Kwa kuwa ukindu ni mmea, tuliuombea mzigo huu cheti cha afya ya mimea. Mkaguzi alikuta vitundu vya vidudu kwenye makapu sita, akatuambia tuyatoe na tuyaanike mengine juani siku tatu kabla hajarudi. Ada na safari zake na zetu zilifika 85,000, nasi hatukuwa tumeziingiza kwenye bei. Zimetoka kwenye fungu la dharura.

4 Mei 2024: Mkindu

Mwaka jana ukindu wa kapu moja tuliununua 1,000. Sasa ni 1,800, na sehemu kubwa ya sababu ni sisi wenyewe, kwa kuwa oda moja ilimaliza makuti machanga ya mabonde mawili. Mkindu huota kwa vichaka vya mashina mengi, na jani linalofaa ni kuti la moyoni ambalo halijafunguka. Ukilikata kila linapotokea, shina linadhoofika na mwisho linakufa. Tulikuta mashina yaliyokatwa hadi kwenye moyo, mengine na watu wetu.

Tumekubaliana na wenye mabonde, kwa barua iliyoshuhudiwa na masheha, kwamba kwenye kila shina linakatwa kuti moja na linalolifuata linaachwa lifunguke. Anayekata huandika tarehe na bonde kwenye daftari la shehia. Tulipanda pia. Desemba, vuli ikiisha, tulipanda machipukizi 120 pembeni mwa mabonde ya mpunga, ukaja ukavu wa kaskazi, yakafa 74. Machi hii tumepanda tena mvua za masika zilipoanza, na mengi yamesimama. Hata yakisimama yote, itachukua miaka kabla ya kukatwa.

Vifaa vya kapu la kati sasa ni 2,300. Kulikuwa na pendekezo la kubaki na 20,000 kwa kupunguza ujira hadi 15,200, “kwa mwaka huu tu”. Lilikataliwa kwa kura 19 dhidi ya 5, na bei ikawa 21,000: 18,300 za msukaji na 2,700 za kikundi.

17 Agosti 2024: Hali ilivyo

Seti zote 60 zilifika na kulipwa. Meza ya Julai mwaka huu iliuza makapu 64 kwa 33,000, bei moja tangu siku ya kwanza. Mengine yalirudi Pemba na hakuna aliyekufa. Zile 140,000 za mali kauli hazijalipwa, nami nimeziandika kuwa zimepotea.

Tulibishana sana juu ya kitambulisho cha kutundika kwenye kapu. Mnunuzi alipenda kiwe na picha ya msukaji na habari za maisha yake, na mfano aliotuletea ulieleza mjane, watoto wangapi, nyumba ya udongo. Wengi wetu hatukupenda. Mtu anayenunua kapu hana haja ya kupewa na umasikini wetu kama nyongeza. Kitambulisho chetu kina jina la msukaji, ikiwa mwenyewe amekubali, shehia, mwezi lilipomalizika, na idadi ya saa. Wateja kwenye meza walikuwa wakiisoma ile namba 16, wakilipindua kapu na kuchungulia mishono ya kitako, na kuomba kupunguziwa kulipungua kuliko mwaka jana.

Oda ya pili imeingia na arbuni yake, seti 40, ya kukabidhiwa mwisho wa Juni 2025. Theluthi ya kwanza imetoka kwa wasukaji kumi na mmoja walioonyesha ukindu. Waliobaki wako kwenye karafuu, na safari hii wako huko kwa ruhusa ya kalenda. Ndoo mbili za lita 20 zimepasuka, na duka tulikonunua halina tena aina ile. Fundi seremala ametaka 25,000 kwa kila kalibu ya mbao badala yake. Nimemwomba achonge moja kwanza, tuivike kapu la zamani tuone kama linakaa.